Nimeona tangazo la kadi ya riba sifuri. Nihamishie deni langu huko?

Shikamoo mama,

Naomba unisome mpaka mwisho, maana jambo hili sijamwambia mtu, si huku wala nyumbani.

Mimi ni muuguzi hapa Leicester, kwetu Tanga. Huu ni mwaka wangu wa nne Uingereza. Nina kadi mbili za mkopo. Moja nilipewa na benki inayopokea mshahara wangu, riba yake asilimia 24.9 kwa mwaka, na nadaiwa pauni 2,900. Nyingine niliichukua nilipokuwa mgeni kabisa na hakuna benki iliyotaka kunisikiliza. Hiyo riba yake asilimia 34.9, nadaiwa pauni 1,300. Jumla ni pauni 4,200.

Sikuzila kwa anasa, mama. Baba alifariki nikakata tiketi ya ghafla kwenda kuzika. Ikaja ada ya chuo ya mdogo wangu, halafu bati la nyumba ya mama yangu mzazi. Mara mbili tatu nilituma pesa nyumbani kwa programu ya simu nikalipia kwa kadi, kwa sababu mshahara ulikuwa bado.

Kila mwezi nalipa kile kiwango cha chini wanachoniandikia, kwa kadi zote mbili kama pauni 129. Sijachelewa hata mara moja. Lakini deni liko palepale. Majuzi benki wameniandikia kwamba kwa miezi 18 nimewalipa riba na ada nyingi kuliko nilivyopunguza deni lenyewe. Nilikaa kitandani nikalia. Mimi ni Muislamu, nimelelewa kuikimbia riba, na sasa naona ndiyo inayokula jasho langu la zamu za usiku.

Sasa benki hiyohiyo inanitangazia kadi ya riba sifuri kwa miezi 28 kwa mtu anayehamishia deni lake huko, ada yake asilimia 3.4. Mwenzangu wa kazini, Mkenya, yeye alipata ya miezi 14 isiyo na ada yoyote. Miezi 28 naona ndiyo inayonipa pumzi, au nakosea? Nikijibana naweza kufikisha pauni 150 kwa mwezi. Pia nacheza mchezo na wenzangu, pauni 100 kila mwezi, tuko 10, na mimi ndiye wa mwisho kupokea, bado miezi mitatu. Binamu yangu ananiambia nikishaipata hiyo kadi nichukue na pesa taslimu, tununue kiwanja Kange, kule Tanga, wakati riba ni sifuri.

Na kwa upande wa dini, hii kadi inafaa?

Muuguzi wa Tanga, Leicester

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, Mungu amweke mahali pema. Na pole kwa kubeba mzigo huu peke yako. Deni la aina yako nimeliona kwa wauguzi, kwa madereva, kwa walimu waliokuja na shahada mbili. Asili yake ni tiketi za mazishi, ada za wadogo, mabati. Huna sababu ya kuinamisha uso.

Kwanza nikuonyeshe kwa nini halishuki, kwa sababu ukishaliona kwa namba hutajilaumu tena kwamba hujui kubana matumizi. Riba ya asilimia 24.9 kwa mwaka, kwa pauni 2,900, ni kama pauni 54 kwa mwezi. Riba ya 34.9 kwa pauni 1,300 ni kama pauni 33. Jumla pauni 87. Kiwango cha chini kwa kadi nyingi za huku hupatikana kwa kuchukua riba ya mwezi huo na kuongeza asilimia 1 ya deni, kwa hiyo unapolipa 129, pauni 87 zinakwenda kwenye riba na 42 tu ndizo zinazopunguza deni. Kisha deni likishuka kidogo, kiwango cha chini nacho kinashuka, unalipa kidogo zaidi, na safari inarefuka. Ndivyo kilivyopangwa. Mtu anaweza kulipa kwa uaminifu miaka na miaka, asichelewe hata siku moja, na bado akawa mteja mzuri kuliko wote kwa benki.

Ile barua iliyokuliza si tishio. Tangu 2018 mamlaka ya kusimamia fedha huku, FCA, imezilazimisha benki kumwandikia mteja ambaye kwa miezi 18 amelipa riba na ada nyingi kuliko alivyopunguza deni. Hali ikiendelea hivyo mpaka miezi 36, benki inatakiwa ikupe njia ya kulimaliza kwa muda unaoeleweka, na ukionyesha kwamba huwezi, ikufikirie kwa kupunguza au kuondoa riba. Usiitupe barua hiyo. Ina tarehe, na tarehe hiyo ni haki yako.

Sasa hiyo kadi. Kadi ya kuhamishia deni ni kadi mpya kutoka benki nyingine. Benki mpya inailipa ile ya zamani, wewe unabaki unadaiwa na mpya, na kwa muda uliotajwa hutozwi riba kwa deni lile lililohamishwa. Benki inategemea kupata faida yake kwenye ada ya kuhamisha, kwa watu watakaofika mwisho wa muda bado wana deni, na kwa watu watakaoanza kuitumia kadi hiyo dukani. Ukiepuka vitu hivyo vitatu, umeitumia benki badala ya kutumiwa nayo, na hakuna kosa lolote ndani yake.

Tangazo la benki yako lina tatizo ambalo halikuandikwa kwa herufi kubwa: kwa kawaida benki haikuruhusu kuhamisha deni lake yenyewe kwenda kwenye kadi yake nyingine, na mara nyingine hata benki ndugu zilizo chini ya kundi moja hazikubali. Maana yake, kadi ile ya miezi 28 ingekubali pauni zako 1,300 za ile kadi nyingine, lakini zile 2,900, ambazo ndizo nyingi, zingebaki palepale zikiendelea kuzaa riba. Ungekuwa na kadi tatu na tatizo lilelile. Kwa hiyo tafuta kwa benki ambayo hudaiwi nayo.

Umeniuliza kati ya miezi 28 yenye ada na miezi 14 isiyo na ada. Watu wengi hukimbilia miezi mingi. Mimi nakuomba uanze upande wa pili: mwezi mmoja unaweza kulipa kiasi gani bila kukopa tena kufika tarehe 20? Namba hiyo ndiyo inayochagua kadi. Wingi wa miezi kwenye tangazo haukuambii chochote mpaka uwe nayo.

Nichukue mfano wa kadi mbili zinazofanana na hizo mlizozitaja, na nichukulie kwamba muda wa sifuri ukiisha riba inarudi asilimia 24.9. Kadi ya miezi 28, ada asilimia 3.4: kwa deni lako ni pauni 142.80, na hizo zinaongezwa kwenye deni siku ileile ya kuhamisha. Kadi ya miezi 14: ada hakuna.

Mtu anayelipa pauni 150 kwa mwezi, bila kitu kingine. Kwenye kadi ndefu anamaliza mwezi wa 29, na gharama yake yote ni kama pauni 145. Kwenye kadi fupi, mwezi wa 14 bado anadaiwa 2,100, riba inaanza, na mpaka amalize atakuwa amelipa riba ya pauni 357 hivi. Huyu achukue kadi ndefu, hata kwa ada.

Mtu anayelipa 200 kwa mwezi: kadi ndefu inamgharimu 143, fupi inamgharimu riba ya kama 115 mwishoni. Hapa watu hushangaa. Kadi fupi, ambayo muda wake unamwishia akiwa bado anadaiwa 1,400, bado ni nafuu kuliko ndefu. Riba ya miezi michache kwa deni lililokwisha kupungua ni ndogo kuliko ada inayopigwa kwenye deni likiwa zima. Na anayelipa 250 tofauti ni kubwa zaidi, 26 kwa 143.

Kumbuka kwamba mtu huyohuyo wa pauni 200, akibaki na kadi zako mbili za sasa bila kuhamisha, angelipa riba ya zaidi ya pauni 1,200. Kwa hiyo hata ukichagua ile isiyokufaa zaidi kati ya hizi mbili, umejiokoa sana. Usikae miezi ukitafuta kadi kamilifu huku pauni 87 zinakwenda kila mwezi.

Turudi kwako. Umesema 150, lakini umenitajia na mchezo kana kwamba ni habari ya pembeni. Si ya pembeni hata kidogo. Umekuwa ukiweka pauni 100 kila mwezi mahali pasipozaa kitu, huku upande wa pili ukilipa riba ya asilimia 34.9. Sikuambii utoke. Mmekubaliana watu 10, wewe ni wa mwisho, ukitoka sasa utaumiza wenzako na utaharibu jina lako, na jina huku ugenini lina thamani. Maliza mzunguko. Lakini zile pauni 1,000 zikifika, ziende kwenye deni siku hiyohiyo, kabla mtu yeyote hajajua umepokea. Na mzunguko ujao waambie wenzako kwa heshima kwamba unapumzika kwanza. Ile 100 iliyokuwa inakwenda kwenye mchezo inaungana na 150, unakuwa na 250.

Sasa fanya hesabu na kalamu. Miezi mitatu ya mwanzo ukilipa 150 ni pauni 450. Ongeza 1,000 za mchezo. Linabaki 2,750. Kuanzia mwezi wa nne ukilipa 250, unahitaji miezi 11. Tatu na kumi na moja ni kumi na nne. Kadi isiyo na ada inakutosha mpaka mwezi wa mwisho, na hujalipa hata senti ya riba wala ada.

Najua unachokiwaza: imebana mno, kukitokea msiba au ugonjwa itakuwaje? Nimelifikiria. Tuseme dharura inakufanya ufike mwezi wa 14 bado unadaiwa 500. Ukiendelea na 250 kwa mwezi, riba yote utakayolipa mpaka umalize ni kama pauni 15. Na tuseme ile 100 ya mchezo ikashindikana kabisa, ukabaki na 150 zako na zile 1,000 tu, riba utakayolipa mwishoni ni kama 94. Bado haifiki ile 142.80 ambayo kadi ndefu ingekutoza siku ya kwanza, uwe na dharura usiwe nayo. Kwa hiyo mwanangu, kwa hali uliyonieleza, kadi ya mwenzako Mkenya ndiyo iliyo bora kwako. Kadi hizi na ada zake hubadilika mara kwa mara, basi siku utakayotafuta weka namba za siku hiyo kwenye hesabu hiihii.

Kuitaka ni jambo moja, kukubaliwa ni jingine. Usijaze fomu ya maombi kwa kubahatisha. Kila ombi kamili linaacha alama kwenye rekodi yako ya mikopo, na benki nyingine huiona alama hiyo kwa mwaka mzima. Ukiomba sehemu nne ndani ya wiki mbili unaonekana mtu anayezama. Tumia kwanza vile vikokotoo vya kuangalia kama utakubaliwa, ambavyo viko bure kwenye tovuti kama MoneySavingExpert au ClearScore na kwenye tovuti za benki zenyewe. Hivyo hufanya ukaguzi mwepesi ambao unauona wewe tu, kisha vinakuonyesha uwezekano wako kwa kila kadi. Omba ile moja ambayo uwezekano wake ni mkubwa. Na usome vizuri: tangazo likisema "hadi miezi 14", neno hilo "hadi" linamaanisha unaweza kupewa pungufu. Hata ile riba ya mwaka iliyoandikwa kwa herufi kubwa, sheria inadai wapewe angalau asilimia 51 ya waliokubaliwa. Wengine wanaweza kupewa ya juu zaidi.

Kabla ya hayo, kagua rekodi yako kwa wakala watatu wanaozitunza: Experian, Equifax na TransUnion. Una haki ya kuiona bure. Angalia anwani zako zote za tangu ulipofika, maana sisi tunahamahama, na anwani moja iliyokosewa inaweza kukufanya uonekane hujulikani. Kisha kuna jambo ambalo wengi wetu hatulijui: raia wa nchi za Jumuiya ya Madola wanaoishi Uingereza kihalali wanaruhusiwa kujiandikisha kupiga kura. Tanzania imo, Kenya imo, Uganda na Rwanda pia. Huhitaji pasipoti ya Uingereza. Benki hutumia daftari hilo la wapiga kura kuthibitisha kwamba unaishi unaposema unaishi, na kuandikishwa kwako kunasaidia. Ni dakika chache kwenye tovuti ya serikali, na ni bure. Kama hujafanya, fanya leo, kisha subiri jina litokee ndipo uombe.

Ukikubaliwa, unaweza kupewa kikomo kidogo kuliko deni lako. Ukipewa 2,500, hamisha kwanza zile 1,300 za asilimia 34.9 zote, ndipo upande wa pili kwa kiasi kilichobaki. Na uhamishe mapema: kadi nyingi zinakupa siku 60 au 90 tangu kufungua, baada ya hapo ile sifuri haikuhusu tena. Wakati uhamisho unaendelea, usiache kulipa kadi za zamani mpaka uone kwa macho yako kwamba zimelipwa. Hata zikishalipwa, mwezi unaofuata unaweza kukuta pauni kadhaa zimejitokeza, ni riba ya siku zile za katikati. Ilipe, subiri taarifa iseme sifuri, kisha ile ya asilimia 34.9 ifunge. Ilikusaidia ulipokuwa mgeni, kazi yake imekwisha. Ile ya benki yako iache wazi kwa sababu ya umri wake kwenye rekodi, lakini iondoe kwenye simu na kwenye pochi.

Kadi mpya ikija, weka agizo la benki kukata yenyewe kila mwezi, hiyo wanayoiita dairekti debiti, siku moja au mbili baada ya mshahara. Usichague ikate kiwango cha chini. Kwenye kadi ya riba sifuri kiwango hicho kinaweza kuwa kama pauni 42 tu, na utajiona umemaliza wajibu wa mwezi ilhali unajichimbia. Weka 150, kisha 250 miezi itakapofika. Kuchelewa mara moja tu kunaweza kukunyang'anya ile sifuri yote, ukatozwa na faini ambayo mara nyingi ni pauni 12, na doa la kuchelewa hukaa kwenye rekodi miaka 6. Wewe hujawahi kuchelewa, na kwa hali uliyopitia hilo ni jambo kubwa. Lilinde.

Na usinunue kitu kwa kadi hiyo. Hata mkate. Ile sifuri ni ya deni lililohamishwa, manunuzi mapya yanaweza kutozwa riba kamili.

Hapo ndipo namjibu binamu yako. Kutoa pesa taslimu kwa kadi ya mkopo ni kitu tofauti kabisa na kuhamisha deni. Unatozwa ada siku hiyo, mara nyingi asilimia 3 au zaidi, na riba inaanza kuhesabiwa siku hiyohiyo, hata ukilipa yote mwisho wa mwezi. Na zile programu za kutuma pesa nyumbani, ukilipia kwa kadi ya mkopo, benki nyingi huhesabu kama umetoa taslimu. Kwa hiyo pesa zile ulizomtumia mama huenda zilikugharimu kuliko ulivyojua. Kuanzia sasa tuma kwa akaunti yako ya kawaida tu, na kama hazipo, basi mwezi huo hazipo. Zipo kadi zinazokuingizia fedha kwenye akaunti kwa riba sifuri, zina ada yake, lakini sitaki hata uzitazame. Kiwanja cha Kange kinunue kwa zile 250 baada ya mwezi wa 14, utakapokuwa hudaiwi na mtu. Binamu anakutakia mema, ila yeye hataletewa barua za benki.

Kuhusu dini, sitakupa hukumu ambayo sina elimu nayo. Nitakueleza mkataba unavyosema ili umpelekee mwenye elimu swali lililo wazi. Utasaini karatasi inayosema hutatozwa riba kwa muda fulani, na kwamba muda ukiisha ukiwa bado na deni, au ukichelewa, utatozwa. Kifungu hicho ndicho wanachuoni wanachokitazama, na hawaoni kwa namna moja. Kadi zenye ada zina swali la pili, kwa sababu ada ni asilimia ya deni. Kadi isiyo na ada haina swali hilo. Na mweleze pia hali yako ya sasa: kwamba tayari umo ndani ya riba, pauni 87 kila mwezi, na unatafuta njia ya kutoka. Swali la mtu anayetoka halifanani na la mtu anayeingia, na sheikh anastahili kulisikia lote.

Sasa nyumbani. Hukuniuliza, lakini nitalisema kwa sababu hesabu yote niliyokuandikia inaweza kuvunjwa na simu moja. Pesa unazomtumia mama kila mwezi usiziguse. Kinachokumaliza ni vile vya ghafla: harusi ya mtoto wa shangazi, mchango wa kundi la WhatsApp, "dada tunakutegemea". Mtafute mtu mmoja nyumbani ambaye neno lake linasikika, mjomba au kaka mkubwa, na umwambie ukweli wote pamoja na namba. Huna haja ya kuwaambia wengine. Mwambie: "Mjomba, nina deni la pauni 4,200, kubwa ndani yake ni la msiba, ada ya chuo na bati. Nimepanga kulimaliza ndani ya miezi 14. Mama nitaendelea kumtumia kama kawaida. Mengine naomba unisemee." Utashangaa. Watu wa kwetu wanapodhani una uwezo hawana mwisho wa kuomba, lakini mkubwa akishajua una deni la msiba, yeye ndiye atakayewanyamazisha wengine.

Ikitokea kikokotoo kinakuonyesha hutakubaliwa na kadi yoyote, usiende kwa mtu anayejitangaza WhatsApp kwamba anasafisha rekodi za mikopo kwa malipo. Rekodi ya kweli hakuna anayeweza kuifuta. Piga simu StepChange au National Debtline, au nenda Citizens Advice hapo Leicester; ni mashirika ya kushauri watu wenye madeni. Wote ni bure, na mtu akikutaka ada ili akupangie madeni yako huku, ondoka. Waambie una barua ya miezi 18. Watakusaidia kuzungumza na benki ipunguze riba, na hali ikiwa mbaya zaidi upo mpango wa serikali wa England na Wales, ulioanza 2021, unaosimamisha riba na usumbufu wa wadai kwa siku 60 wakati mnatafuta njia. Sidhani utafika huko. Na hata bila kadi mpya, ile 150 yako ukiielekeza yote iliyozidi kiwango cha chini kwenye kadi ya asilimia 34.9, na zile 1,000 za mchezo zikaifuata, kadi hiyo itakuwa imekufa ndani ya miezi mitano au sita, na pauni 33 za riba kila mwezi zitakuwa zimekoma.

Jiandikishe daftari la kura kwanza. Kisha niandikie tena ukishaona kikokotoo kimesema nini, tuchague pamoja.